Kicheko Ndani ya Jumba la Mizuka

Hofu na kicheko ni mtu na nduguye. Senema bubu, iliyonyimwa sauti, iliulea udugu huo kwa macho na viungo vya mwili, na mfano wake mmoja ni Haunted Spooks, filamu fupi iliyotoka Marekani mwaka 1920 chini ya uongozi wa Hal Roach na Alfred Goulding.

Kisa chake ni chepesi. Msichana, aliyeigizwa na Mildred Davis, amerithi jumba kwa sharti la kuishi humo mwaka mzima pamoja na mumewe. Na mume hana. Wakili akamwokotea mmoja: kijana aliyekataliwa na mchumba, ambaye amejaribu kujiua mara kadhaa na kila mara mauti yakamponyoka. Ami ya msichana, anayeumezea mate urithi ule, akazusha mizuka ya uongo ili maharusi watimke. Kijana huyo ni Harold Lloyd, na miwani yake ya duara isiyo na vioo.

Lakini nje ya jumba hilo la maskhara palikuwa na hofu ya kweli. Tarehe 24 Agosti 1919, filamu ikiwa haijakamilika, Lloyd alikuwa akipigwa picha za matangazo mjini Los Angeles. Alishika bomu alilodhani ni la mchezo, akawashia sigara kwa utambi wake. Bomu likaripuka. Alipoteza kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia, na kwa muda macho yake hayakuona. Aliyekuwa akiigiza mtu anayekikimbilia kifo akawa amekikaribia pasi na kukusudia.

Alipopona alirudi kuimaliza kazi. Tangu hapo alivaa mbele ya kamera glavu iliyotengenezwa kuficha upungufu ule, na kwa mkono huohuo akaning'inia kwenye saa ya ghorofani katika Safety Last! ya mwaka 1923, mwaka ambao pia alimwoa Mildred Davis. Watazamaji wengi walicheka bila kujua kilichomo ndani ya glavu.

Kuna jambo jingine ambalo kicheko hakikuliona. Jumba lile lina watumishi weusi, na kazi waliyopewa ni moja: kuogopa kupita wote. Lloyd naye huogopa, hata nywele zikamsimama. Lakini yeye huogopa kama mtu mmoja, ilhali wao waliogopeshwa kwa niaba ya umma mzima, ili ithibitike dhihaka iliyokwisha kuzoeleka majukwaani. Miongoni mwao alikuwamo mtoto Ernest Morrison, maarufu kwa jina la Sunshine Sammy, aliyezaliwa mwaka 1912. Kipaji chake kilikuwa kikubwa kuliko nafasi aliyopewa. Mwaka 1922 akawa miongoni mwa watoto wa kwanza wa mfululizo wa Our Gang, akicheza bega kwa bega na watoto weupe.

Mizuka ya ami ilikuwa ya kubuni, nayo ikafichuka kabla filamu haijesha. Dhihaka ile haikuwa ya kubuni, na haikufichuka upesi. Ndiyo maana filamu hii yafaa kutazamwa mara mbili: mara ya kwanza kwa kicheko, kwani inachekesha kwelikweli, na mara ya pili kwa kuuangalia mkono wa kulia wa mchekeshaji na uso wa mtoto yule.