Fizi za Asiyeweza Kujisemea: Afya ya Kinywa na Ulemavu wa Akili katika Mwambao wa Ziwa Viktoria

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 uliwapata takriban asilimia 98 ya watu wazima wakiwa na fizi zinazotoka damu. Ukubwa wa takwimu hiyo huzaa swali: ikiwa karibu kila mtu anaugua, kwa nini tuanze na watu wenye ulemavu wa akili? Nashikilia kwamba hao ndio wa kuanza nao. Mtu mwingine ufizi ukimuuma hushika mswaki, au hulalamika mpaka asikizwe. Mwenye ulemavu mkubwa wa akili huenda asiweze lolote kati ya hayo. Usafi wa kinywa chake unategemea mkono wa mlezi, na mkono huo hauonekani katika mipango yetu ya afya.

Tuangalie vijiji vya mwambao wa Ziwa Viktoria, katika kaunti za Homa Bay na Migori. Sensa ya 2019 iliweka Homa Bay miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu zaidi vya ulemavu nchini, zaidi ya asilimia 4, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 2.2. Katika jamii za wavuvi, wanaume huenda ziwani usiku na akina mama huwahi samaki alfajiri. Anayebaki na mtoto mwenye ulemavu mara nyingi ni nyanya au dada mkubwa. Kumpeleka mtu mwenye ulemavu wa akili kwa daktari wa meno mjini ni kulipa nauli ya wawili na kupoteza kazi ya siku nzima, kisha kukalia foleni na mtu anayeogopa kelele na mwanga mkali. Si ajabu kwamba safari hiyo hufanywa wakati jino limekwisha kuoza na kilichobaki ni kuling'oa.

Ugonjwa wa fizi hausubiri safari hiyo. Mwaka 1965, mtafiti wa fizi Harald Løe na wenzake huko Denmark waliwaomba vijana wenye afya waache kabisa kusafisha meno. Katika muda wa wiki tatu hivi wote walikuwa na fizi zilizovimba, na walipoanza tena kupiga mswaki fizi zikapona ndani ya siku chache. Kisababishi ni ule utando wa bakteria unaojijenga kwenye shina la jino. Ukiachwa, hugeuka ukoga mgumu usiotoka kwa mswaki, na hatimaye mfupa unaoshikilia jino huanza kuliwa. Kwa mtu mwenye sindromu ya Down hali ni kali zaidi, kwa kuwa kinga yake hupambana na bakteria hao kwa udhaifu. Anaweza kupoteza meno akiwa kijana ingawa hayana hata tundu moja.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni dawa ya kifafa. Takriban mtu mmoja kati ya watano wenye ulemavu wa akili ana kifafa pia, na fenitoini, dawa ya bei nafuu inayotumika sana katika nchi zetu, inaweza kuzifanya fizi zikue kupita kiasi hadi zifunike sehemu ya meno. Hili huwapata hata nusu ya wanaoitumia. Fizi zilizokua huficha uchafu, uchafu huziwasha, nazo huzidi kukua. Usafi wa kila siku hupunguza sana ukuaji huo. Kwa hiyo mlezi anapokabidhiwa vidonge bila kuambiwa neno kuhusu mswaki, amepewa nusu ya matibabu. Wala asiachishe dawa kwa kuogopa fizi: degedege linaweza kuua, na kubadilisha dawa ni uamuzi wa daktari.

Kwa asiyeweza kujisemea, maumivu ya fizi hujitokeza kwa sura nyingine. Kijana aliyekuwa akila ugali na samaki vizuri anaanza kutaka uji tu. Anajipiga shavuni, anang'ata mkono, halali. Nyumbani watasema ndivyo alivyo, na kliniki nayo mara nyingi itasema hivyo hivyo na kumwongezea dawa ya kumtuliza. Hili ni kosa linaloumiza mno. Badiliko lolote la ghafla katika ulaji au tabia linastahili mtu ainue mdomo na kuangalia ndani kabla ya kuandika dawa.

Kuinua mdomo kuna namna yake. Mwenye kuhudumiwa hukaa kwenye kigoda au mkekani, mlezi nyuma yake, kichwa kikiegemea kifua cha mlezi. Kidole kimoja huvuta mdomo pembeni. Mswaki laini hulazwa pale jino linapokutana na ufizi, umeinama kidogo kuelekea ufizini, na kuzungushwa taratibu, meno mawili matatu kwa wakati. Dawa ya meno ni kiasi cha punje ya njegere, au hata kidogo zaidi kwa asiyeweza kutema. Anayeng'ata huwekewa upande wa pili kitambaa safi kilichokunjwa na kukazwa, na kidole cha mlezi hakipiti katikati ya meno. Siku akikataa kabisa, meno ya mbele yanatosha. Kesho ni ya nyuma. Kumkaba kwa nguvu humfundisha tu kuogopa mswaki.

Kisha inatoka damu, na hapo ndipo walezi wengi huacha, kwa huruma, wakidhani wamemjeruhi. Ukweli ni kinyume. Kwa kawaida damu hiyo ni dalili ya fizi zilizokosa kusafishwa, na hupungua baada ya siku kadhaa za kupiga mswaki kwa upole. Isipopungua, aonwe na mtaalamu. Laiti walezi wangeambiwa jambo hili moja tu, naamini fizi nyingi zingeokoka.

Ushahidi wa kisayansi tulio nao ni mwembamba, na ni haki kusema hivyo. Mapitio ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa kupitia tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 34 zenye watu 1,795 wenye ulemavu wa akili na walezi 354, na ushahidi mwingi ulikuwa wa kiwango cha chini. Mswaki maalum wa mkono, ukitumiwa na mlezi, ulionyesha kwamba huenda ukapunguza uvimbe wa fizi kuliko wa kawaida. Wa umeme haukuonyesha tofauti ya maana. Kuwafundisha walezi kuliwaongezea maarifa. Nasoma matokeo hayo kama onyo dhidi ya kununua vifaa vya ghali. Hakuna mahali yanaposema tungoje.

Wapo watakaosema kaunti zianze kwa kuajiri madaktari wa meno. Waajiriwe, wanahitajika sana: ukoga ulioganda hautoki bila wao. Lakini daktari humwona mtu kwa nadra, na utando hurudi kila siku. Kazi hiyo ya kila siku ni ya nyumbani na jirani, na wazo hilo si geni, kwani jamii za ziwani zimewahi kuliona suala la meno kuwa la wote: Wajaluo, na Wasuba waliofuata desturi zao, walikuwa na mafundi wa kung'oa meno sita ya chini, na baadhi ya wazee walieleza kwamba pengo hilo lingesaidia kumlisha mtu ambaye taya lake limekazana. Sitetei desturi hiyo. Nasema tu kwamba kinywa cha mwana hakikuwa siri ya mama yake peke yake.

Leo njia za kumfikia mlezi zipo tayari. Huduma za afya, isipokuwa hospitali za rufaa za kitaifa, ziko chini ya kaunti tangu 2013. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mikoba ya kupima presha, sukari na joto la mwili nyumba kwa nyumba. Baadhi ya shule zina vitengo maalum vya wanafunzi wenye ulemavu, ambako watoto hula chakula cha mchana pamoja na wangeweza kupiga mswaki pamoja. Na mgonjwa wa kifafa hurudi kituoni kuchukua vidonge mwezi baada ya mwezi. Pale dirishani, vidonge vinapohesabiwa, ndipo mswaki laini utolewe, mhudumu aangalie fizi kwa dakika moja, na daftari la mgonjwa liwe na safu ya kuandika kama zinatoka damu.