Faili la Mama: Ushahidi, Muda na Fidia ya Mtoto Aliyeumia Wakati wa Kuzaliwa Nchini Kenya

Mzazi wa Kenya ambaye mwanawe ameumia wakati wa kuzaliwa hana uhaba wa milango ya kubisha. Anaweza kufungua kesi ya madai kwa msingi wa uzembe, kupeleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, au kwenda Mahakama Kuu na ombi la kikatiba. Hoja yangu ni kwamba milango yote mitatu ina ufunguo mmoja, nao umo mikononi mwa hospitali ile ile inayolalamikiwa: faili la mama.

Tuanze na kesi ya uzembe. Mdai hulazimika kuthibitisha kwamba hospitali ilikuwa na wajibu kwake, kwamba huduma ilishuka chini ya kiwango cha mtaalamu mwenye ujuzi wa kawaida, na kwamba upungufu huo ndio uliomdhuru mtoto. Wajibu haubishaniwi sana. Ubishi mkali huwa juu ya chanzo cha madhara. Mtindio wa ubongo, kwa mfano, unaweza kutokana na maambukizi wakati wa ujauzito, kuzaliwa njiti, manjano kali isiyotibiwa au kasoro katika ukuaji wa ubongo; kukosa oksijeni wakati wa uchungu ni chanzo kimoja tu. Wakili wa hospitali analijua hilo na atalisema, tena mara nyingine atakuwa anasema kweli. Ndipo kesi inapogeuka kuwa ya saa na dakika. Mapigo ya moyo ya mtoto yalipimwa lini, na yalikuwaje? Daktari aliitwa saa ngapi? Muda gani ulipita kati ya uamuzi wa kumpasua mama na upasuaji wenyewe?

Majibu yanapaswa kuwa kwenye patografu, karatasi ambamo mkunga huandika mwenendo wa uchungu, pamoja na alama za Apgar, yaani za hali ya mtoto mara tu anapozaliwa. Karatasi hiyo ikiwa tupu, au ikiwa imejazwa yote kwa mkupuo mmoja baada ya tukio, mtaalamu wa upande wa mdai hana pa kushika. Kanuni ya tukio kujieleza lenyewe, yaani uzembe kudhaniwa kutokana na tukio tu, humfaa mgonjwa aliyesahauliwa pamba tumboni. Katika uzazi haifiki mbali, kwa sababu mtoto anaweza kuumia bila yeyote kukosea.

Muda nao hauisubiri familia. Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3 chini ya Sura ya 22 ya sheria za Kenya. Dhidi ya Serikali, Sura ya 39 inatoa miezi 12. Mama wengi hutambua tatizo pale mtoto anapochelewa kukaza shingo au kukaa, na kufikia hapo mwaka unakaribia kwisha. Kweli, sheria humpa mtoto nafuu ya muda kwa sababu ya umri wake, na kifungu cha 27 cha Sura ya 22 kinaruhusu kuongezewa muda kwa aliyekuwa hajui mambo ya msingi ya kesi yake. Lakini nafuu hiyo hailindi karatasi zisipotee wala haimzuii mkunga aliyekuwa zamu kuhamia kaunti nyingine.

Baraza lina uwezo wa kumsimamisha daktari au kumfutia leseni, na matokeo ya uchunguzi wake yanaweza kutumika mahakamani. Kama njia ya kupata pesa za kumlea mtoto, halitoshi.

Ombi la kikatiba limezaa matunda, ingawa kwa madhara ya namna nyingine. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma, na kupigwa na wauguzi, alipwe shilingi milioni 2.5. Mahakama ilijenga uamuzi wake juu ya utu wa mama na haki ya afya iliyomo katika Kifungu cha 43 cha Katiba. Uamuzi ule ulisaidiwa na jambo ambalo familia nyingi hazina: tukio lilikuwa limerekodiwa kwa video. Kwa wasio na video, Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachohusu haki ya kupata habari, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, humwezesha mzazi kudai nakala ya rekodi. Ushauri wangu kwa familia ni kuomba faili kwa maandishi mapema, hata kabla ya kuamua kama watashtaki.

Hata hivyo, faili pekee haliharakishi haki. Katika kesi ya Montgomery, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015, mama mwenye kisukari hakuelezwa hatari ya mabega ya mtoto kukwama. Alishinda, na fidia ilizidi pauni milioni 5. Mtoto wake alikuwa amezaliwa mwaka 1999. Hata penye mawakili wa kutosha na rekodi kamili, haki ilichukua zaidi ya miaka 15.

Ndiyo maana mfano wa Japani unanivutia zaidi. Tangu 2009 nchi hiyo humlipa mtoto mwenye mtindio mkali wa ubongo unaohusiana na uzazi yeni milioni 30, kwa awamu hadi afikie umri wa miaka 20, bila familia kuthibitisha kosa la mtu. Sambamba na malipo, jopo la wataalamu huchunguza kilichotokea, na familia hupewa ripoti. Mpango huo una mapungufu yake: wapo watoto walioachwa nje, na vigezo vililegezwa mwaka 2022. Wanaopinga husema fidia isiyouliza kosa itawalea wazembe. Mimi sioni hivyo, kwani ripoti huuliza kosa kwa kina ambacho patografu tupu hairuhusu mahakamani, na mlango wa kushtaki haufungwi.

Kenya tayari ina Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, mwaka 2024 na inayolipia uzazi. Tozo ndogo kwa kila uzazi unaolipiwa na mamlaka hiyo inaweza kuanzisha fidia ya namna hii. Sharti la hospitali kulipwa liwe kuwasilisha nakala ya patografu ndani ya siku chache baada ya kila uzazi, kabla mtu yeyote hajajua kama kutakuwa na kesi.