Adui wa Kubuni, Hofu ya Kweli

Mwezi Mei 1871, jarida la Blackwood's la Uingereza lilichapa hadithi ya afisa wa jeshi, George Chesney, iitwayo The Battle of Dorking. Mzee anawasimulia wajukuu zake jinsi jeshi la kigeni, ambalo msomaji anatambua kuwa la Wajerumani, lilivyotua pwani, likawashinda Waingereza karibu na London na kuitiisha nchi yao. Ujerumani ilikuwa imetoka tu kuishinda Ufaransa, kwa hiyo hadithi iliwatia watu kiwewe hata Waziri Mkuu Gladstone akasimama kuikemea hadharani. Hadithi za namna hiyo ziliendelea kumiminika hadi 1914. Naamini kiini chake hakikuwa adui, bali mashaka ya Waingereza juu ya mji wao mkuu.

Adui alibadilika, mji ukabaki ule ule. Mwaka 1894 mwandishi William Le Queux aliwaleta Wafaransa na Warusi. Mwaka 1906, katika gazeti la Daily Mail, akawaleta Wajerumani. Katikati yao, mwandishi H. G. Wells alileta viumbe kutoka sayari ya Mars. London yenyewe ilikuwa na ya kutisha: utafiti wa Charles Booth ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya wakazi wake waliishi katika umaskini, na Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini vilipofichua wingi wa vijana waliokataliwa jeshini kwa udhaifu wa mwili, serikali iliunda kamati ya kuchunguza kudhoofika kwa taifa.

Wapo watakaosema hatari ilikuwa ya kweli, kwani kuanzia 1898 Ujerumani ilijenga manowari kwa kasi. Ni kweli, lakini Chesney aliandika miaka 27 kabla ya hapo. Wengine watasema ilikuwa biashara tu: Daily Mail liliwapitisha wavamizi katika miji yenye wanunuzi wengi. Nalo ni kweli, ila muuzaji hapati wateja wa hofu mahali pasipo na hofu.

Wakati Waingereza wakisoma uvamizi wa kubuni, wa kweli waliufanya wao: tarehe 27 Agosti 1896 manowari zao zilishambulia kasri la Sultani wa Zanzibar, na vita vikamalizika kabla ya saa moja kutimia. Taifa linaloona wavamizi kila upande lipime kwanza hali ya watu wake, kisha lijiulize limewatenda nini wengine.