Karne moja ya kupima watoto wa Taita Taveta kwa lugha ya ugenini

Shule ya upili ya Dr. Aggrey, pale Wundanyi, imebeba jina la mtu ambaye hakuwa Mtaita wala Mkenya. James Aggrey alikuwa msomi kutoka Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo, na mwaka wa 1924 alizunguka Afrika Mashariki pamoja na Tume ya Phelps-Stokes iliyokuja kutazama hali ya elimu ya Waafrika. Tume ile ilishauri mtoto aanze masomo kwa lugha ya nyumbani kwao, akipanda madarasa aingizwe katika lugha ya Kiafrika inayowaunganisha watu wa eneo lake, na lugha ya Mzungu ije juu zaidi.

Karne moja imepita tangu ushauri huo. Katika kufundisha umefuatwa, ukaachwa, ukarudishwa. Katika kupima haujafuatwa karibu kabisa. Mtoto wa Taita Taveta huhukumiwa kwa lugha aliyoijua mwisho, na mara nyingi kwa lugha anayoisikia darasani tu. Historia ya jambo hili inafaa kusimuliwa, kwa sababu waliopitia humo ni wazazi na nyanya zetu, na wengi wao bado wanaamini kwamba hawakuwa na akili za shule.

Tuanze na lugha zenyewe. Milimani ni Kidawida, na Mdawida wa Mbololo hasemi sawasawa na wa Bura au wa Werugha. Mlima wa Sagalla, unaoitazama Voi kwa juu, una Kisaghala, ambacho wataalamu wa lugha wanakiona kina ujamaa mkubwa na lugha za Wamijikenda. Kasigau wana usemi wao. Taveta, mpakani na Tanzania, wana Kitaveta, jirani wa Kipare. Halafu reli ya Uganda ikafika Voi mwishoni mwa miaka ya 1890, mashamba ya mkonge yakafuata Voi, Mwatate na Taveta, na kazi ikaita watu kutoka mbali. Ndiyo maana darasa moja la Voi leo linaweza kuwa na mtoto wa Kikamba, wa Kiduruma, wa Kisomali, wa Kiluo na wa Kidawida, wote wakicheza kwa Kiswahili saa ya mapumziko.

Wamishonari wa shirika la CMS waliotangulia walilazimika kujifunza lugha hizi. J. A. Wray alifika Sagalla mwaka wa 1883, na mwaka wa 1894 kikatoka kitabu chake cha kuwafunza wageni lugha ya huko. Taveta, misheni ilikuwa na mashine ya kuchapia, na kuanzia 1895 ilitoa gazeti lililoitwa Taveta Chronicle. Lengo la wamishonari lilikuwa ubatizo, tusijidanganye. Hata hivyo kijana aliyetaka kubatizwa alisomeshwa maandiko na kuulizwa maana yake kwa lugha aliyonyonya. Akishindwa, mwalimu alijua ameshindwa kusoma au hajaelewa mafundisho. Hakukuwa na lugha nyingine katikati ya kuvuruga jibu.

Vipimo vya akili vilifika Kenya miaka ya 1930, wakati mbaya sana. Katika hospitali ya Mathari, Nairobi, daktari H. L. Gordon alikuwa akieneza madai kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni kwa maumbile, na mwenzake F. W. Vint akipima ubongo wa marehemu ili kuyathibitisha. Wakati huohuo mwanasaikolojia R. A. C. Oliver, aliyekuwa Kabete, alitunga kipimo cha akili kwa ajili ya Waafrika, kilichochapishwa na serikali mwaka wa 1932. Aliwapima wanafunzi wa shule ya upili ya Alliance, akawalinganisha na Wazungu wa shule ya Prince of Wales. Waafrika walipata alama za chini kwa wastani. Oliver mwenyewe alionya kwamba matokeo hayo hayawezi kuchukuliwa kama ushahidi wa tofauti ya kuzaliwa, kwa kuwa malezi, mazingira na miaka ya shule havikulingana. Waliotaka kusikia habari ya uduni walizishika namba, onyo wakaliacha. Namba husafiri kwa kasi kuliko maelezo yake, na tabia hiyo haikuisha pamoja na ukoloni.

Baada ya ripoti ya Beecher ya 1949, mtoto Mwafrika aliwekewa vizuizi viwili. Darasa la nne kulikuwa na mtihani wa Common Entrance, na wengi waliishia hapo wakiwa bado wadogo. Darasa la nane kulikuwa na mtihani wa KAPE. Uhuru ulipokuja, Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mtindo huo ulikuwa umeanzia shule za watoto wa Kihindi Nairobi mwaka wa 1957, mahali penye vitabu na walimu waliofunzwa, kisha ukasambazwa hadi shule za milimani ambazo hazikuwa na lolote kati ya hayo. Sehemu nyingi za nchi mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya kwao alivikwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amnase mwenzake.

Mwaka wa 1966 ukaja mtihani wa CPE, ambao ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati, na karatasi ya jumla iliyochanganya sayansi, historia na jiografia. Kiswahili hakikuwemo. Hebu fikiria maana yake kwa mtoto wa Voi. Lugha aliyoitumia sokoni, stesheni, kanisani na msikitini, lugha pekee iliyomuunganisha na kila mwanafunzi mwenzake, haikumpa hata alama moja. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, na aliyeanguka aliambiwa ameanguka, basi.

Mwaka wa 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira Kenya iliulaumu mtihani huo waziwazi. Katika miaka iliyofuata, mtafiti Anthony Somerset na wenzake katika idara ya mitihani waliyachambua maswali moja baada ya jingine, wakaona mengi yalimpendelea mtoto wa mjini mwenye vitabu na redio nyumbani. Waliongeza maswali ya kufikiri na ya mambo ambayo mtoto wa kijijini huyaona kila siku, na shule zikaanza kupelekewa maelezo ya makosa ya watahiniwa. Naiheshimu sana kazi ile. Lakini hata baada yake, swali lililohusu shamba la mtoto bado lilikuja kwa Kiingereza.

Ripoti ya Gachathi ya 1976 iliirudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo, na Kiswahili kwa miji yenye mchanganyiko kama Voi. Kisha mfumo wa 8-4-4 ukaleta mtihani wa KCPE mwaka wa 1985, na hapo Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani wake. Kwa pwani nzima hayo yalikuwa mabadiliko makubwa. Hisabati, Sayansi na masomo ya jamii yakabaki kwa Kiingereza hadi KCPE ya mwisho mwaka wa 2023.

Mtihani wa taifa angalau hutolewa mbele ya watu wote. Kuna kipimo kingine kinachofanyika kimya, na hicho kinanisumbua zaidi. Mwaka wa 1984, kwa msaada wa Denmark, Kenya ilianzisha vituo vya kuwatathmini watoto wenye ulemavu na mahitaji maalum, vinavyojulikana kama EARC, na miaka miwili baadaye ikaanzishwa taasisi ya KISE ya kuwafunza walimu wa kazi hiyo. Vituo hivi vimewatoa maelfu ya watoto waliokuwa wamefichwa majumbani, na hilo halina ubishi. Tatizo huanza pale mtoto anapoletwa kwa sababu hajui kusoma, hajibu, ana alama za chini. Je, ana tatizo la kujifunza, au ana tatizo la kuulizwa kwa lugha asiyoijua vizuri?

Makosa ya hapa huenda pande mbili. Mtoto mwenye akili timamu aliyeshuka kutoka kijiji cha Kidawida anaweza kupelekwa yuniti ya mahitaji maalum akakaa humo miaka. Na mwenye ugumu halisi wa kusoma, anayehitaji msaada mapema, anaweza kuachwa nyuma ya darasa kwa kusemwa kwamba Kiingereza kitamjia tu. Njia moja ya kuwatofautisha inajulikana: ugumu wa kuzaliwa nao huonekana katika kila lugha ya mtoto, na ugumu wa lugha huonekana katika lugha moja. Ukimpima kwa lugha moja pekee, njia hiyo umeifunga.

Tazama kipimo kimoja kidogo kilichomo katika majaribio mengi ya akili. Mpimaji anatamka tarakimu, mtoto anazirudia kwa mpangilio uleule, na zinaongezwa mpaka ashindwe. Linaonekana jambo lisilo na utamaduni ndani yake. Sasa hesabu kwa sauti kwa Kiswahili kutoka moja hadi tisa: kila neno lina silabi mbili. Kwa Kiingereza karibu yote yana silabi moja. Mwaka wa 1980 watafiti Ellis na Hennelly walionyesha kwamba watoto wanaosema Kiwelsh, ambao majina yao ya tarakimu huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa, walipata alama za chini katika kipimo hiki kwa sababu hiyo tu. Kumbukumbu zao hazikuwa na kasoro. Ukitafsiri kipimo kama hicho kwa Kiswahili, kisha ukatumia jedwali la alama lililotengenezwa kwa watoto wa Uingereza au Marekani, tayari umemkata mtoto alama kabla hajafungua mdomo.

Jambo la pili ni nani anayeuliza. Miaka ya 1970 Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, wakataka kujua watoto wanaweza kukumbuka hadithi kiasi gani. Mtu mzima anasimulia, mtoto anarudia. Watoto wengi walinyamaza. Walikuwa na lugha ya kutosha, ila walilelewa kuwasikiliza wakubwa na kutenda walichoambiwa, wala si kuwasimulia. Yeyote aliyelelewa na nyanya yake Mbololo au Taveta anaielewa adabu hiyo. Mtoto anaitwa kwenye ofisi, anaketishwa mbele ya mgeni mwenye fomu, anainamisha macho na kujibu kwa neno moja. Nyumbani huo ni utiifu. Kwenye fomu huandikwa kwamba hazungumzi.

Jambo la tatu ni kile kinachoulizwa. Huko Usenge, karibu na ziwa Victoria, kundi la Robert Sternberg liliwapima watoto 85 wa Kiluo kuhusu dawa za miti shamba na maradhi zinayotibu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2001, waliofanya vizuri katika ujuzi huo walielekea kufanya vibaya katika msamiati wa Kiingereza. Kipimo cha shule pekee kingewaweka mkiani.

Na dawa ya tatizo hili haitoki ng'ambo. Iko pwani hii hii, Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome. Kule madaktari walihitaji kujua malaria kali inaacha madhara gani katika akili ya mtoto, na vipimo vya kigeni havikuwafaa. Penny Holding na wenzake walivijenga upya, wakachapisha kazi yao mwaka wa 2004. Amina Abubakar na wenzake wakafuata na kipimo cha ukuaji wa watoto wachanga, kilichobeba jina la Kilifi. Walianza kwa kuzungumza na mama na walezi. Walitumia Kigiriama, mojawapo ya lugha za Wamijikenda, na Kiswahili, wapimaji wakiwa wenyeji, vifaa vikiwa vile mtoto anavyovijua, na kila jaribio likitanguliwa na mazoezi hadi mtoto aelewe anachotakiwa kufanya. Swali lililowachanganya watoto wote lilitupwa. Kazi hii inaweza kufanywa kwa Kidawida na Kisaghala, na Kisaghala kwa ujamaa wake na Kigiriama kingeanza mbele kidogo.

Kwingine mabadiliko yalitokana na kesi mahakamani. Huko California, mwaka wa 1970, kesi ya Diana ilihusu watoto tisa wenye asili ya Meksiko waliopimwa kwa Kiingereza na kutiwa katika madarasa ya wenye upungufu wa akili. Walipopimwa tena kwa Kihispania, karibu wote walionekana hawakustahili kuwekwa humo. Jimbo likakubali kuwapima watoto kwa lugha ya nyumbani kwao.

Kenya sasa ina mtaala wa umilisi. Lugha za asili zimo gredi ya kwanza hadi ya tatu, na katika tathmini ya KPSEA ya gredi ya sita, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka wa 2022, asilimia 60 ya alama hutokana na kazi za shuleni tangu gredi ya nne. Hii ni nafasi ambayo vizazi vya Common Entrance na CPE havikuipata. Mwalimu wa Sagalla anaweza kumsikiliza mtoto akieleza kwa Kiswahili au Kisaghala jinsi maji yanavyopotea kwenye kisima, kisha ampime kwa alichokijua. Ataitumia nafasi hiyo endapo atafunzwa, na endapo mkaguzi hatamwadhibu kwa kusikia lugha ya kijiji darasani.

Kwa mzazi wa mitaa ya Sofia na Mwakingali mjini Voi, au wa Kasigau, ambaye ameitwa shuleni akaambiwa mtoto wake apelekwe kutathminiwa: nenda, usimfiche mtoto. Ukifika uliza ataulizwa kwa lugha gani, na kama mpimaji anaijua lugha mnayosema nyumbani. Uliza kama atapewa mazoezi kabla ya maswali kuhesabiwa. Waeleze kazi anazozifanya nyumbani bila kuelekezwa, kama kwenda dukani na kurudisha chenji kamili, kuchunga mbuzi au kumlea mdogo wake, na uombe ziandikwe kwenye faili. Wakikuambia amepimwa kwa Kiingereza peke yake, una haki ya kuomba apimwe tena kabla hujatia sahihi.