Masanduku ya Chai ya Holloway Road

Wahenga wamenena kuwa akiba haiozi. Methali hii ilitungwa kabla ya kuwapo kanda ya sumaku, ambayo huoza: unga uliobeba sauti hubanduka, utepe hukauka na kukatika, na muziki uliomo hupotea pasi na mtu kujua kuwa uliwahi kupigwa. Ndiyo maana inastahiki kusimuliwa historia ya kanda zipatazo 1,850 zilizokaa zaidi ya nusu karne, nyingi zikiwa zimepakiwa katika masanduku ya mbao ya kusafirishia chai. Masanduku hayo yalikuwa 67. Miongoni mwa kanda hizo zimo kazi zisizowahi kutolewa za The Tornados, bendi ya Kiingereza iliyopiga roki ya ala tupu, yaani muziki usio na mwimbaji.

Bendi hiyo iliundwa 1961 na Joe Meek, fundi wa sauti aliyezaliwa 1929 katika mji mdogo wa Newent. Meek hakujua kusoma nota wala kupiga ala yoyote ipasavyo. Alichokijua ni umeme, mwangwi na kanda. Alipanga nyumba juu ya duka la bidhaa za ngozi, nambari 304 Holloway Road, kaskazini mwa London, akaigeuza studio. Nyaya zilitambaa sakafuni na ngazini, na bafu likatumika kwa ajili ya mwangwi wake. Humo ndimo walimopiga Alan Caddy na George Bellamy magitaa, Heinz Burt gitaa la besi, Roger LaVern kinanda na Clem Cattini ngoma.

Tarehe 10 Julai 1962 Marekani ilirusha setilaiti iliyoitwa Telstar, na muda mfupi baadaye picha za televisheni zikavuka bahari ya Atlantiki kupitia angani. Meek alivutiwa mno, akabuni lahani. Kwa kuwa hakuweza kuiandika, aliiimba mwenyewe bila maneno juu ya muziki wa wimbo mwingine, kisha akawasikilizisha wapigaji wake. Wakati huo walikuwa wakimsindikiza mwimbaji Billy Fury katika maonyesho ya Great Yarmouth, na iliwabidi warejee huko kabla kazi haijakamilika. Aliyeijazia ni Geoff Goddard, mtunzi mwenzake Meek, kwa kinanda kidogo cha umeme kiitwacho Clavioline. Sauti ile kali iliyoufanya muziki huo ujulikane duniani ilitoka, basi, katika vidole vya mtu asiyekuwa mwanachama wa bendi.

Santuri ya “Telstar” ilitoka Agosti 1962. Ilishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tano, na Desemba mwaka huo The Tornados wakawa bendi ya kwanza ya Uingereza kuongoza orodha kuu ya santuri za Marekani. Nakala ziliuzwa kwa mamilioni.

Wingi wa kanda ulitokana na namna Meek alivyofanya kazi. Alirekodi wapigaji katika kanda moja, kisha akaihamishia sauti hiyo kwenye kanda ya pili huku akiongeza ala nyingine juu yake, na pengine akarudia tena. Mara nyingi pia aliongeza kasi ya kanda ili sauti ipande na muziki uchangamke. Kwa hivyo santuri moja iliyouzwa dukani iliweza kuacha nyuma yake kanda kadhaa: majaribio, makosa, na muziki wenyewe kabla haujaharakishwa.

Mafanikio hayakumpa Meek raha. Mtunzi wa Kifaransa, Jean Ledrut, alimshtaki kwamba ameiiba lahani yake kutoka katika muziki wa filamu ya Austerlitz ya 1960, na malipo ya utunzi yakazuiwa. Burt aliondoka 1963 kwenda kuimba peke yake. Zama za Beatles zikaingia, na ala tupu zikakosa soko. Ilipofika 1965 hakubaki hata mmoja wa wapigaji wa mwanzo, na santuri ya mwisho ya jina hilo kwa Meek ilitoka 1966. Tarehe 3 Februari 1967, Meek, akiwa na madeni na akili iliyosumbuka, alimpiga risasi mama mwenye nyumba, kisha akajiua. Baada ya kifo chake kesi iliamuliwa kwa upande wake.

Kanda zilinunuliwa na Cliff Cooper, mwanamuziki kijana aliyewahi kurekodi kwa Meek, kwa pauni 300. Alizihifadhi kwa miongo mitano. Jaribio la kuziuza mnadani 2008 halikuzitoa mikononi mwake. Hatimaye, 2020, zilichukuliwa na kampuni ya Cherry Red ya London, ambayo ilianza kuzihamishia katika mfumo wa dijitali na kuzitoa kidogo kidogo. Mojawapo ya matunda ya kazi hiyo ni mkusanyo wa The Tornados wa visahani vitano, uitwao Love and Fury.

Wapo wanaouliza kama ni haki kutoa hadharani kile ambacho mwenyewe hakukitoa. Swali hili lina uzito, kwani Meek alikuwa mtu wa siri, aliyeogopa kuibiwa mbinu zake. Lakini kanda hizi si zake peke yake. Santuri iliyokamilika husikika kana kwamba imetoka katika mashine, kama Meek alivyotaka. Kanda ghafi humsikilizisha mtu ngoma za Cattini kwa kasi yake halisi, gitaa la Caddy likitafuta njia, na mpigaji akikosea na kuanza upya. Hao walikuwa vijana waliopiga mchana studioni na usiku jukwaani, na majina yao hayakuwa na uzito wa jina la aliyewaajiri.

Mahakama ilimrudishia Meek lahani yake alipokuwa kaburini. Wapigaji wake hawakuwa na kesi wala hakimu. Ushahidi wa kazi yao ulikuwa ndani ya masanduku ya chai, na umechelewa kusikilizwa kwa zaidi ya miaka hamsini.