Somo la Historia: Kalamu ya Risasi ya Mchora Ramani

MANENO MAPYA
Kinywe: madini meusi, laini, yanayochafua vidole.
Mtarakwa: mti wa milimani wenye mbao nyekundu na harufu nzuri.
Mchora ramani: fundi anayechora ramani za nchi, njia na majengo.

Chukua kalamu yako ya risasi, ambayo wengine huiita penseli, uiweke mezani. Leo tutasoma habari zake, na zaidi habari za ndugu yake wa chuma, aliyetumiwa na wachora ramani. Siku hizi ramani huchorwa kwa kompyuta, na kalamu hizo za chuma zimekuwa adimu. Wako watu wanaozikusanya na kuzitunza.

Tuanze na jina. Tunasema kalamu ya risasi, lakini ndani yake hamna risasi hata kidogo. Ule weusi ni kinywe. Madini hayo si mageni kwetu. Yamo katika miamba ya Mirerani, kusini-magharibi ya Moshi, mahali panapotoka tanzanite. Mwaka 1795 Mfaransa aitwaye Conté alichanganya unga wa kinywe na udongo wa mfinyanzi, akauchoma. Udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu. Ukipungua, huwa laini. Tazama kalamu yako. Herufi H ni ugumu, na herufi B ni ulaini na weusi. HB ni ya katikati.

Mbao je? Mtarakwa hupasuka vizuri na huchongeka kwa urahisi, hata wauza mbao wakauita mwerezi wa kalamu. Mti huu huota upande wa kaskazini wa Kilimanjaro, na huko Usambara pia. Wakati wa Wajerumani, kabla ya vita vya 1914, mbao za Shume ziliteremshwa mlimani kwa kamba ya chuma iliyopita hewani, mpaka stesheni ya Mkumbara. Kutoka hapo zilikwenda Tanga kwa gari la moshi, kisha Ulaya. Mti uliondoka kwetu ukiwa mbao. Faida ya kuufanya kalamu ikabaki huko.

Sasa tuje kwa kalamu ya chuma. Kalamu ya mti kila ukiichonga hupungua, mpaka haishikiki tena. Mwaka 1822 Waingereza wawili, Hawkins na Mordan, waliandikisha kalamu ya chuma inayosukuma risasi yake mbele. Baadaye ikaja ile ya wachora ramani. Ndani yake mna vidole vidogo vya chuma. Ukibonyeza kitako, vidole hufunguka na risasi hutoka, ukiachia, huikamata. Risasi yake kwa kawaida ni nene milimita 2. Mwenyewe huinoa kwa msasa au kwa kinoleo chake. Kalamu haifupiki, mkono hauchoki, na mstari hutoka mwembamba.

Huko Japani, Hayakawa Tokuji alitengeneza kalamu ya namna hii mwaka 1915. Tetemeko la ardhi la 1923 likaharibu kiwanda chake na kuua jamaa zake. Akaanza upya Osaka, akatengeneza redio. Jina la kampuni yake, Sharp, lilitokana na kalamu ile.

Labda utauliza: mstari mwembamba una maana gani kwetu? Tazama Old Moshi. Zamani Moshi ilikuwa huko mlimani, kwa Mangi Rindi na mwanawe Meli. Wajerumani wakajenga boma lao huko huko, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Mangi Meli. Kisha wakaleta reli kutoka Tanga. Lakini gari la moshi haliwezi kupanda mlima mkali. Wahandisi walichora njia yake tambarare, na mwaka 1911 reli ikafika chini. Mahali hapo wakapaita Moshi Mpya. Mji ukakua penye stesheni, na Moshi ya mlimani ikawa Moshi ya kale. Kwanza ulikuja mstari karatasini, kisha chuma ardhini. Na kalamu ilikuwa mkononi mwa wageni.

Basi, ukiona kalamu ya chuma katika sanduku la mzee aliyefanya kazi ya upimaji, reli au ujenzi, usiitupe. Soma maandishi ubavuni: huenda ni Faber-Castell, Staedtler au Koh-i-Noor. Ifute kwa kitambaa kikavu. Usiisugue kwa msasa, maana utafuta maandishi. Usivilazimishe vidole vyake kwa koleo. Kisha muulize mzee: ulifanya kazi wapi? Mwaka gani? Ulichora nini? Andika majibu kwa mkono wako, uyaweke pamoja na kalamu. Kalamu isiyo na habari ni chuma tu. Yenye habari ni ushahidi kwamba mtu wetu naye alichora nchi hii. Jana ungehitaji karani wa kukuandikia. Leo unaweza mwenyewe.

MASWALI
1. Ndani ya kalamu ya risasi mna nini?
2. Kwa nini mji wa Moshi uliteremka tambarare?
3. Andika sentensi tatu juu ya chombo cha kazi cha mzee mmoja wa kwenu.

Kwaheri, mpaka somo lijalo.