Meno ya Plastiki: Jino Lililosingiziwa



Sisi tunashona magauni ya nikahi hapa Arusha. Bibi harusi tuliyempima mwaka jana, mwaka huu anarudi na mtoto mgongoni, na maongezi yanahama kutoka kwenye shela hadi kwenye ufizi. "Mwanangu anaharisha, wanasema ana meno ya plastiki. Nimpeleke yakatolewe?"

Swali hilo lilishatufika nyumbani. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi 5, akaharisha siku mbili, na homa juu yake. Jirani, tena anayetupenda, akambonyeza ufizi wa chini na kutuonyesha uvimbe mweupe. "Hayo yatamuua," akasema. Alimjua bibi mmoja anayeyatoa kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Tulishamfunga mtoto kwa kanga, tayari kutoka. Mama mkwe akasimama mlangoni: "Hospitali kwanza." Huko akapewa ORS na vidonge vya zinki, na wiki haikuisha akapona, alhamdulillah. Uvimbe ule haukuguswa. Baadaye likatoka jino, chonge la kawaida kabisa.

Basi hayo yanayoitwa meno ya plastiki ni nini? Ni chonge za utotoni ambazo bado ni changa ndani ya ufizi. Zikikwanguliwa hutoka kitu cheupe na laini, ndiyo maana watu wakaziita plastiki au nailoni. Uganda huitwa ebino. Mwaka 1969 daktari wa meno kutoka Denmark, Jens Pindborg, aliandika habari za watoto wa Waacholi, kaskazini mwa Uganda, waliotolewa chonge hizo. Kuanzia miaka ya 1980 madaktari wa meno wa Tanzania nao wakaandika juu ya watoto wetu: wanaovuja damu nyingi, wanaopata pepopunda au maambukizi, na wengine ambao hata jino la ukubwani huota limeharibika au halioti kabisa. Wapo waliofariki.

Tusidhani ni ujinga wa Waafrika peke yao. Ulaya, tangu karne ya 16, waganga wakubwa waliwachana watoto ufizi kwa kisu ili meno yatoke. Mwaka 1839, Uingereza na Wales ziliandika vifo zaidi ya 5,000 vya watoto kwamba sababu ni kuota meno. Walitengeneza hata poda ya meno yenye zebaki, ikawadhuru watoto hadi ilipoondolewa madukani miaka ya 1950. Jino lilisingiziwa huko kama linavyosingiziwa huku.

Kwa nini linasingiziwa? Kwa sababu ya wakati. Meno ya kwanza huanza kuota karibu na miezi 6. Umri huohuo kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama inapungua, anaanza uji, anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Uchafu unamharisha, lawama inaliangukia jino. Na kuharisha kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, kwa hiyo aliyetoa jino huonekana ndiye aliyeponya.

Kuota meno kwenyewe huleta udenda, kununa, kutafuna vidole na ufizi kuvimba kidogo. Nawa mikono, msugue ufizi kwa kidole, au mpe kitambaa safi kilicholowekwa maji yaliyochemshwa na kupozwa akitafune. Mnyonyeshe zaidi. Usimpake asali kabla hajatimiza mwaka, wala usimvishe shanga za kutafuna, zinaweza kumkaba. Homa ikifika nyuzi 38, au akiharisha, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, usimsubirie jino.

Dada unayeolewa, zungumza na mume na mawifi mapema, kabla mtoto hajaja. Usiku wa homa si wakati wa kuanza kubishana na wakubwa. Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza kutafuta tiba, na kinywa cha mtoto mchanga alikigusa kwa tende iliyolainishwa. Kwa nini sisi tukiguse kwa spoku?

Allah atuhifadhie watoto wetu, na awalipe kheri mama wakwe wanaosimama mlangoni. Aamin.